Teleksi Niliyoigonga Muhuri

Mjukuu wangu Nasra,

Sisi wa Al Qusais, hapa Dubai, wazima, ila magoti ya bibi yako, ambayo hayataki tena kusikia habari za ngazi. Baba yako kahamia Silicon Oasis, upande wa pili wa mji, kwa hiyo siku hizi tunaonana kwenye simu.

Umeniuliza enzi hii ya habari ilianza lini. Wasomi watakwambia yao. Kwangu mimi ilianza katika ofisi moja ya biashara mtaa wa Deira, kwenye mashine ya teleksi, nilipokuwa kijana. Ujumbe ulijichapa wenyewe kutoka ng'ambo. Kazi yangu ilikuwa kuukata, kuugonga muhuri wa "Imepokelewa" na kuutia kwenye jalada. Tulifunzwa tusisome, maana anayesoma huchelewesha. Nami nilikuwa hodari, sikusoma hata neno.

Siku moja tajiri wangu alifungua jalada, akanitazama.

"We Salum, mamako mahututi tangu juzi, na wewe uko hapa wanywa chai?"

Dada yangu alikuwa ameiomba ofisi yetu ya Unguja iniongezee mstari chini ya bei za karafuu. Muhuri ulikuwa wangu, umekaa sawasawa. Nilipofika nyumbani Unguja, khitma ilikuwa imeshasomwa.

Nikaapa kusoma kila kitu. Sasa simu inaniletea ujumbe usiokwisha, nami naweka alama ya dole gumba, napita. Swali lako limelala wiki tatu chini ya picha za maua za kutakiana Ijumaa njema, nimelikuta leo.

Sijui kingine kilicholala humo. Na tajiri wa kunifungulia jalada alishakufa.

Babu yako,
Salum