Baiskeli Isiyo na Keria

Maskati, Ijumaa baada ya sala

Mke wangu Saada,

Assalaam alaykum. Kwanza nijulishe mgongo wa mama umekuwaje tangu apake ile dawa niliyomtumia, na wewe mwenyewe u hali gani, na paa la jikoni bado linavuja au limeshazibwa. Mimi mzima. Joto la huku ni lile lile. Ghalani tunapakia maboksi mpaka shati linakauka chumvi mgongoni. Lakini nakula, nalala, namshukuru Mungu.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu kila nikiligusa jambo hili unaniambia mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Ataileta Bi Rukia, yule mfanyabiashara wa nguo anayekuja huko kila mara, pamoja na utepe wa kuzungushia usukani, kipande cha mwisho cha baiskeli yetu.

Baiskeli yangu, ndivyo nilivyotaka kuandika.

Unajua nilivyoihangaikia. Wale waliokuwa wakinipita barabara ya pwani asubuhi, wamejiinamia juu ya baiskeli nyepesi, ndio walionitia ugonjwa. Ya dukani siiwezi, kwa hiyo nikaiokota kipande kipande: fremu ya kaboni isiyo na jina kutoka China, gia zilizotumika za Mhindi mmoja aliyeacha kuendesha baada ya kuvunjika bega, magurudumu kwa mwingine. Fremu ikalala kitandani kwangu, upande wa ukutani, maana chumbani hapana nafasi. Mwenzangu wa chumba, yule Mpemba, akaiita bi mdogo. Kila asubuhi, "Makame, bi mdogo kalala vyema?"

Wewe ulipoiona kwenye picha hukuuliza bei wala rangi. Uliuliza, "Keria yake iko wapi?" Nikakwambia baiskeli za mbio hazina keria. Ukasema, "Sasa mimi ntakaa wapi?" Nilicheka mpaka Mpemba akaja kuuliza kuna nini.

Basi bi mdogo akasafiri kwa kontena, kafungwa ndani ya godoro, akafika huko mjini, mtaa wa Amani, kwa fundi baiskeli Machano aiunge. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kuharibika.

Sikufichi, Saada, nina wivu. Machano fundi mzuri, hilo simnyimi. Lakini kwa nini kila siku yuko uani kwetu? Mara breki, mara mnyororo, mara kaja kunywa chai. Na ile video aliyoiweka kwenye status, anapita karibu na uwanja, mrefu, shati linapepea, mikono kaiachia! Nyuma ya video mtu anacheka. Kicheko kile nakijua. Nilipopiga simu ukasema, "Si anajaribu breki tu, Makame, weye vipi?" Breki hujaribiwaje na mtu aliyeachia usukani? Siku ile nilimwambia Mpemba kichwa kinaniuma, nikageukia ukutani pale pale ilipokuwa fremu.

Juzi ukanitumia picha, baiskeli imeegemezwa ukutani, tayari, umebaki utepe tu. Nikaikuza picha. Siti imeshushwa. Imeshuka mpaka inakaribia kugusa fremu. Machano akiikalia pale, magoti yatamgonga kidevu. Hata mimi. Tena siti ile haishushwi ovyo. Kaboni ukiikaza kama chuma inapasuka, ndiyo maana nilikutumia ile spana inayolia tik ikishatosha, nikakwambia uifungie kabatini na ufunguo usimpe mtu. Na matairi yana mchanga mweupe, mchanga wa kwenu Bwejuu. Na wiki hiyo hiyo ulisema mapaja yanakuuma, eti umefua mapazia.

Mapazia, Saada!

Nilicheka peke yangu. Nilisahau nimeoa mtoto wa Bwejuu, ambako wanawake huenda shamba na harusini kwa baiskeli zao. Mimi ndiye niliyekuleta mjini nikakupakia kwenye keria, umekaa upande, mkono mmoja kiunoni kwangu. Nilidhani unapenda. Labda ulipenda. Lakini hukuwahi kucheka vile ukiwa nyuma yangu. Sasa najua kwenye video ulikuwa unacheka nini: zamu yako ilikuwa inafuata.

Usidhani wivu umekwisha. Umehama tu. Machano nimemsamehe bila mwenyewe kujua. Sasa naionea wivu barabara ya Bwejuu, na shangazi yako wa huko, ambaye bila shaka ndiye aliyekupokea mlangoni umelowa jasho. Bi mkubwa na bi mdogo mmepatana nyuma ya mgongo wangu, na mimi niliyewakutanisha niko huku nabeba maboksi.

Nisalimie mama, mwambie asiinue ndoo. Nisalimie kaka yako Haji, muuza vitunguu wa Darajani, na huyo shangazi aliyenifichia siri. Machano naye mwambie kazi yake nimeiona, na chai akanywe kwao.

Siti iache hapo hapo ilipo. Utepe zungusha mwenyewe. Likizo nimeshaiomba, na nikikubaliwa nitafika kabla ya Ramadhani. Jambo moja tu nakuuliza, na hili usiniambie mtandao unakatika. Keria haina. Sasa mimi ntakaa wapi?

Mumeo,
Makame