Makaburi ya Chini

Kitopeni, upande wa Kiongoroni
10 Januari 2025

Mwanangu Shamsia,

Assalaam aleykum. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Goti la mama yako limepungua kumsumbua na mashine zote mbili zinakoboa. Wewe na walimu wenzako hapo Kibiti mmeuonaje mwaka mpya? Na yale masomo yako ya chuo unayosomea nyumbani, bado unayaweza pamoja na kufundisha? Naandika kwa kalamu kwa sababu simu huku haishiki mpaka upande juu ya mkoko, na umri wangu wa kupanda mikoko umepita. Mudy wa boti atahakikisha barua inakufikia.

Sasa sikiliza. Jana nilikwenda kumzuru bibi yako Mwanawetu. Nikapima. Kutoka kichwani pa kaburi lake mpaka ukingoni ni hatua kumi na moja. Mwaka jana mwezi kama huu zilikuwa kumi na tano. Mwaka juzi, kumi na tisa. Mto unakula hatua nne kila mwaka. Makaburi ya Chini yalikuwa na marehemu thelathini na saba. Sita wa mstari wa mbele wameshakwenda na maji.

Nikaenda kwa Mzee Amri, mwenyekiti wa kamati ya makaburi. Nikamweleza kwa adabu zote: imamu amesema kuhamisha maiti kwa dharura ya maji hakuna ubaya. Makaburi ya Juu nafasi ipo, nimepima mwenyewe, wanaingia watu mia mbili na pakabaki. Vijana wa kuchimba ninao, sanda ninazo, naomba ardhi tu.

Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mshamu, umesahau? Kila mtu ana kwao. Kule ni kwa watu wa juu."

"Watu wa juu ndio akina nani, mzee?"

"Usinilazimishe kulitaja jambo ambalo baba yako hakuwahi kunilazimisha."

Unalijua hilo jambo. Babu wa babu yangu aliletwa kutoka bara amefungwa kamba, akalimishwa mpunga wa babu zake Amri. Hayo yana miaka mia na thelathini na ushei. Tangu hapo watu wetu wanazikwa chini, kwenye tope, na neno lenyewe halitamkwi, linapitwa pembeni.

Mimi nilianza kukata boriti za watu nikiwa na miaka kumi na minne. Leo mpunga wa Amri unakobolewa kwangu. Msikiti ule, mifuko sitini na miwili ya saruji ni yangu. Katika chama chetu cha kufa na kuzikana mimi ndiye mwandishi: miaka kumi na moja, maziko ishirini na matatu, na kumi na nane kati ya hayo ni ya juu. Yote kumi na nane nimebeba jeneza. Kwa hiyo mabega yangu yanaruhusiwa kuingia kule. Mifupa ya mama yangu ndiyo haina ruhusa. Wewe uliyesoma niambie, hii ni akili ya namna gani?

Baba yako,
Mshamu


Kibiti
25 Januari 2025

Baba yangu,

Shikamoo, na mama pia shikamoo. Mimi mzima. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni hata mkoba sijautua, kisha nikaisoma tena nimekaa.

Umeniuliza ni akili ya namna gani. Mwezi huu chuo wametupa somo la Warumi wa kale, jinsi walivyoishi na kutawalana, na nilipomaliza barua yako nikaona kama mtu amekuandika wewe humo.

Roma ilijaa watumwa. Lakini bwana aliweza kumwachia mtumwa wake huru, na huyo aliyeachiwa akawa raia. Raia, ila si kamili. Alilibeba jina la ukoo wa bwana wake maisha yake yote, ili kila anayemwita ajue alikotoka. Alitakiwa kumheshimu bwana wa zamani na mara nyingi kumfanyia siku kadhaa za kazi kwa mwaka. Cheo cha serikali hakupata hata awe tajiri vipi; mwanawe ndiye aliyeruhusiwa kugombea. Na walitajirika, baba! Wenye matanuri ya mikate, wenye meli, wenye mashine za kusaga ngano zilizozungushwa na punda. Mji mzima unakula mkate wa mtu, halafu mtu huyo hawezi kukaa kwenye baraza la mji.

Na kingine kitakuchekesha: walikuwa na vyama vya kufa na kuzikana! Mchango wa kila mwezi, mwandishi, na faini kwa anayeleta fujo kwenye kikao.

Sasa makaburi. Waliponyimwa heshima nyingine, walinunua viwanja vyao wenyewe kandokando ya barabara kuu. Juu ya jiwe wakachonga vipimo: upande wa barabara futi kadhaa, kwenda ndani futi kadhaa, ili asije mtu kesho akasogeza mpaka. Na wakaandika kwamba hapo ni pao, na pa watumwa wao walioachwa huru, na pa vizazi vyao.

Nikakumbuka kile kiwanja chako cha bandarini, pale palipoinuka, unapotaka kuweka mashine ya tatu. Maji hayajawahi kufika pale. Baba, kwa nini usimhamishie bibi kwako?

Mwanao,
Shamsia


Kitopeni
6 Februari 2025

Mwanangu Shamsia,

Aleykum salaam. Nimeipata barua yako, nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa hasira. Mama yako anakusalimu, anasema ule vizuri, unakonda.

Warumi wako nimewaelewa. Yule mwenye tanuri nimemwelewa kuliko wewe unavyomwelewa. Siku zile za kazi kwa bwana, unajua sisi tunazo? Kila msimu mashine ikianza, pishi ya kwanza ya mchele mpya inapelekwa nyumbani kwa Amri. Hakuna sheria wala karatasi. Babu alipeleka, baba alipeleka, nami nimepeleka miaka kumi na tisa na kumwambia "pokea, bwana mkubwa." Sikuwahi kujiuliza ni ya nini hiyo pishi. Msimu ujao haiendi.

Lakini ushauri wako siutaki. Nimtoe mama yangu shimoni nimpeleke kiwanjani kwangu, halafu Amri aseme nini? "Si mnaona? Mwenyewe amejua kwao." Nitakuwa nimeitia sahihi kwa mkono wangu. Nimeomba mama wa watu azikwe na Waislamu wenziwe wa kijiji kile kile alichozaliwa, nikajibiwa ukoo. Umesema mwana wa Mrumi aliyeachiwa huru aliruhusiwa kugombea cheo. Basi wao walituzidi: kwao kizazi kimoja kilitosha. Mimi ni mjukuu wa mjukuu na bado sijaruhusiwa kufa.

Nimeandika maombi kwa kamati, kurasa mbili, vipimo vyote nimeweka. Kamati inakaa tarehe mosi Machi. Muda upo. Hatua kumi na moja kwa nne, ni miaka miwili na miezi tisa. Nitagonga mlango wao miezi yote hiyo mpaka wafungue.

Usinikasirikie. Niletee kalamu nyekundu ukija.

Baba yako,
Mshamu


Kibiti
20 Februari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nawatakia mfungo mwema wewe na mama, Mungu atufikishe salama. Sikukasirika. Mwanafunzi mmoja aliniuliza mbona nimeingia darasani nimenuna, nikamwambia ni mashaka ya nyumbani.

Mawili tu, kisha nanyamaza.

La kwanza, kwa Warumi kuzikwa nje ya mji hakukuwa fedheha. Sheria ilikataza kuzika ndani kwa yeyote, hata watawala. Wote walikuwa kwenye barabara zile zile, na hao walioachwa huru walichagua mahali ambapo kila mgeni anayeingia mjini lazima apite asome majina yao. Hawakujificha. Kwenu barabara ni maji, na kila anayekuja Kitopeni anashukia bandarini, mbele ya kiwanja chako.

La pili ni hesabu, na naomba unisamehe kukusahihisha. Darasa langu likipata wastani wa hamsini, haina maana kila mtoto kapata hamsini. Yupo aliyepata tisini na yupo aliyepata tano. Hatua nne kwa mwaka ni wastani. Mto hauujui.

Mwanao,
Shamsia


Kitopeni
4 Aprili 2025

Shamsia,

Salaam. Sisi wazima.

Bibi yako ameondoka na maji.

Tarehe mosi kamati haikukaa, wakasema mfungo unaingia, tusivutane katika mwezi mtukufu, tuahirishe mpaka baada ya Idi. Nikakubali. Niliona adabu kukubali.

Siku ya Idi tuliswali, tukala, watu wakaenda kuzuru marehemu. Unajua bamvua la Idi, mwezi mwandamo, maji yanajaa kupita siku zote, na safari hii mvua za juu nazo zilikuwa zimeujaza mto. Saa kumi alasiri nilikuwa nimechuchumaa kwa mama, nimemaliza Yasini, mkono wangu uko juu ya mchanga wake. Nikahisi ardhi inalegea kama godoro. Haruni, fundi wangu wa mashine, akanivuta kwa kola ya kanzu. Bonge zima lilishuka, Shamsia. Halikupiga hata kelele. Hatua kumi na moja kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Bibi yako na wengine wanane. Sanda niliiona, nyeupe, kisha sikuiona.

Waliokuwa Makaburi ya Juu wakateremka kutazama. Mzee Amri akaja na mkongojo wake, akasema, "Kazi ya Mungu, Mshamu, tumshukuru."

Nikamjibu mbele ya watu wote, "Mvua ni kazi ya Mungu, mzee. Kuahirisha ni kazi yako."

Hakuna aliyenikanya.

Lakini usiku wote ule hesabu ilinirudia, na kosa langu pia nililiona. Wewe uliniambia. Kiwanja nilikuwa nacho, vijana ninao, kazi ya siku moja. Nilikuwa napigania mama yangu akubaliwe, nikasahau kwamba alitakiwa kwanza asizame. Mtu mzima, mwandishi wa chama, mwenye mashine mbili, nimemuweka mama kwenye wastani.

Wamebaki ishirini na wawili.

Baba yako


Kibiti
9 Aprili 2025

Baba,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mudy alinipa barua akiwa ameshalia yeye kabla yangu.

Usijihukumu peke yako wakati walioahirisha wanalala. Mimi nimeomba ruhusa kwa mkuu wa shule, siku tisa. Usiniandikie nisije. Nakuja na turubai, na mifuko ya saruji nitainunua njiani.

Mwanao,
Shamsia


Kitopeni
18 Mei 2025

Mwanangu Shamsia,

Assalaam aleykum. Natumaini ulifika salama na mikono imepona malengelenge. Mama yako anawaonyesha wenziwe picha yako umeshika koleo, anasema huyu ndiye mwalimu wangu.

Ulipoondoka tulikuwa tumehamishia kiwanjani bandarini kumi na tisa. Saruji ya kibao cha mbele imekauka, vipimo nimechonga mwenyewe kwa msumari ikiwa bado mbichi: upande wa maji hatua arobaini, kwenda ndani hatua ishirini na tano. Nafasi ya kwanza mbele nimeiacha tupu na hazikwi mtu pale. Mashine ya tatu nimeshaisahau. Abiria wakishuka botini wanasoma, wengine wanauliza, na mimi wakiniuliza nasema neno lenyewe lilivyo. Nasema mtumwa. Mara ya kwanza Haruni alidondosha spana.

Wajumbe wawili wa kamati walikuja kusema nimekigawa kijiji. Nikawaambia kijiji nimekikuta kimegawanywa, mimi nimeandika vipimo tu.

Sasa ninachotaka kukueleza ni hiki. Walibaki watatu. Wawili nilikuwa na majina yao. Wa tatu, mstari wa nyuma chini ya mti wa mkadi, hakuna aliyemjua, wazee wetu walizoea kusema tu "yule mwanamke wa nyumba kubwa." Jumatano asubuhi nipo mashineni, Mzee Amri akaja. Peke yake, bila mkongojo, ameshika koleo.

"Mshamu," akasema, "yule wa chini ya mkadi usimguse bila mimi."

"Kwa nini, mzee?"

Akatazama maganda ya mpunga. "Ni bibi yangu. Mzaa baba."

Nikazima mashine. Shamsia, miaka yote hiyo! Babu yake alimnunua, akazaa naye mtoto, mtoto akazikwa juu na mama yake akabaki chini. Kila Idi Amri alikuwa anapita pale akitazama mbele. Hasira iliyonipanda sikuwahi kuipata, hata siku ile ya maji. Nilitaka kumwambia kila mtu ana kwao. Neno lilifika hapa, mdomoni.

Nikachukua daftari la chama, nikavuta kiti, nikamwambia, "Wenziwe wote wameandikwa. Jina lake nani?"

"Faida."

Jina walilompa waliomnunua, bila shaka. Nikaandika. Haruni na wapakiaji wanne walikuwa wanasikiliza, sikuwafukuza.

"Bint nani?"

Akafungua mdomo. Yeye anayeweza kukuhesabia baba zake mpaka wa saba, huku amekaa, bila kupumua. Akaufunga.

"Sijui," akasema.

"Kwao wapi?"

"Sijui, Mshamu."

Mzee wa miaka sabini na minane, amesimama na koleo mbele ya watu. Nikaacha mstari ule wazi kwenye daftari, nikatoka naye mpaka kiwanjani, nikampimia hatua tatu kwa moja.

Nikamwambia achimbe.

Baba yako,
Mshamu