Alto Imetoroka

Jumatatu, 2 Juni

Chai, mkate, kompyuta. Programu ninayoiandika imegoma kujijenga tena, msimbo haugeuki kuwa kitu kinachowaka. Inasoma noti za do-re-mi na kuimba kila sauti peke yake, ili wanakwaya wajifunze nyumbani. Niliahidi mambo mawili, kwa mdomo huuhuu. Programu iwe huria, kila kwaya iichukue na kuibadilisha. Na wimbo mpya wa kwaya yetu ya Cibitoke ubaki siri mpaka sikukuu ya kwaya, Jumapili ya tarehe 15. Mama Générose, kiongozi wetu, ameutunga mwaka mzima. Ukisikika kwingine kwanza, sijui nitajificha wapi.

Jumatano, 4 Juni

Bosco, mwalimu wa kwaya ya Gatumba, amejaribu sehemu huria. Imemgomea. Inatafuta folda ya nyimbo zetu, ambayo yeye hana na hatakiwi kuwa nayo. Kosa langu. Nimechanganya huria na siri kama wali na maharage, sasa nachambua punje kwa punje.

Alhamisi, 5 Juni

Nimetenganisha! Sheria moja, nimeibandika ukutani: siri inaweza kutegemea huria, huria isitegemee siri hata kidogo. Jioni nikaondoa folda ya nyimbo kabisa. Huria ikajijenga yenyewe, bila kulalamika. Nimecheza chumbani dirisha likiwa wazi, mtaa wetu wote wa Kinanira utazame ukitaka. Nimemtumia Bosco. Nina furaha ya kijinga.

Jumamosi, 7 Juni

Bosco kapiga simu. Programu inakwenda vizuri, na ule wimbo wa mfano uliokuja ndani yake ameupenda, ameanza kuwafundisha waimbaji wake. Akaimba kidogo.

Wimbo wa Mama Générose.

Nilipokuwa najaribu programu, niliweka wimbo uliokuwa kichwani mwangu. Nani hujaribu kwa wimbo asioupenda? Folda ya siri niliilinda, mfano nikausahau ndani ya huria. Nimeufuta sasa, mpaka kwenye historia ya matoleo ya zamani. Lakini Bosco anao, na kwaya yake itaimba sikukuu hiyohiyo. Nilisema mtandao mbaya, nikakata. Mwoga mimi.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda mazoezi. Nilisema naumwa. Uongo, tena siku ya Bwana.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda Cibitoke kuungama. Mama Générose alikuwa anachambua mboga za lengalenga. Alisikiliza mpaka mwisho, uso mkavu. Akauliza ni sauti gani iliyotoka. Alto, mama. Niliandika alto tu, ndiyo sauti yangu; soprano, yenye wimbo wenyewe, sikuigusa.

Akaangusha majani.

«Alto peke yake? We mutoto! Ile ni so, so, la, so mupaka amen! Mutu gani ataiba wimbo na alto?»

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. Ni tusi kwa sisi alto wote, na sijawahi kufurahia tusi namna hii. Kisha akaacha kucheka. Akaagiza nimpigie Bosco palepale, mbele yake. Nikapiga. Bosco akasema kumbe, alikuwa anashangaa wimbo gani huu hauna kichwa. Ameufuta.

Nimeweka mfano mpya, nimetunga mwenyewe, kuhusu mbuzi aliyekula kofia. Mbaya sana. Hauna hatari.

Ijumaa, 13 Juni

Kwaya mbili zaidi zimechukua programu. Kila moja ina folda yake ya siri pembeni, na huria haijui kilichomo. Hata Bosco ana nyimbo zake za siri sasa. Nimemwuliza zipi. Kakataa kusema! Nimefurahi siku nzima.

Jumapili, 15 Juni

Tumeimba. Kwanza alto, so, so, la, so. Bosco alikuwa benchi la tatu, midomo yake ikitembea pamoja nasi. Kufuta kwenye kompyuta ni rahisi, kichwani hapana. Kisha soprano wakaingia juu yetu. Midomo yake ikasimama. Akavua miwani, akakaa nayo mkononi mpaka tulipomaliza.

Mama Générose alimwona. Akageuka, akatukonyeza sisi alto.