Ulevi wa Baba

Jumapili, Kirushya

Nimemgombeza baba bure, na bado nina hasira naye. Wiki nzima anayumba akitoka chooni, anashikilia migomba, nami namlaumu kwa pombe ya ndizi. Leo kajikwaa mlangoni, nikamdaka. Mdomo wake unanuka chai tu.

"Baba, kumbe hujanywa?"

"Niliacha tangu Pasaka. Ni miguu haitulii."

"Mbona hukusema?"

"Mlevi akiamka kesho yuko sawa. Mzee je?"

Yaani bora aitwe mlevi kuliko mzee. Mwanaume huyu.

Naogopa akianguka atavunjika nyonga, halafu…

Kamba ya mbuzi nimeshaiondoa mlangoni. Kesho nampeleka zahanati. Fimbo nitamkatia pia, ila nitamwambia ni ya kufukuzia mbwa wa jirani.