Vifaranga wa Upande wa Asali

Kimulot,
Jumatano, 14 Agosti 1996

Kwa Baba mpendwa,

Chamgei, Baba. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima huko Mulot, na kwamba kile kifua kilichokusumbua katika baridi ya Julai kimetulia. Najua kwa Baba Mdogo Kiplangat kuna joto na maziwa ya mursik hayakatiki, kwa hivyo sina wasiwasi sana. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mvua haijatupa nafasi hata ya siku mbili, majani chai yanatushinda kuchuma, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Tunakungoja wewe umpe jina.

Nakuomba uisome barua hii mwenyewe. Hata kama miwani imepotea tena, usimpe mtoto akusomee.

Jumatatu Bwana Osoro, afisa wa mifugo, alipita hapa akiwa na furaha tele. Alisema kwamba siku ya wakulima kule Bomet itakuwa Ijumaa ya wiki ijayo, na kwamba wewe ndiwe utakayesimama baada yake kuwaeleza watu jinsi asali na gundi ya nyuki zilivyookoa kuku wetu. Aliniambia nikupelekee habari uje mapema. Nilimjibu sawa, nikamkaribisha chai. 

Baba, wacha nianzie mbali kidogo, maana nikienda moja kwa moja mkono utakataa kuandika. Unakumbuka tulivyokaa baada ya Mama kufariki. Kanisani walikuwa wamekwisha kusema kwamba mzee mwenye mizinga ni mzee wa pombe, nawe ulipoacha kutengeneza pombe ya asali uliiacha na mizinga yenyewe. Ulikaa pale kwenye kiti ukitazama mlima, hata ndevu hukunyoa. Halafu Osoro akaja na maneno yake ya kujaribu vitu vya nyuki kwa kuku wa nyama. Akatugawia vifaranga sitini, thelathini upande huu wa banda na thelathini upande ule, chakula kimoja, joto moja, ila upande mmoja utiliwe asali katika maji na ile gundi nyeusi ya kuzibia nyufa za mzinga isagwe ichanganywe na chakula. Kesho yake ulinyoa. Ulipanda hadi msituni na miaka yako yote hiyo, ukarudi na gundi kwenye mfuko wa sukari, ukanifundisha kuikausha na kuitwanga. Nilifurahi mpaka nikalia jikoni.

Sasa, wewe ni mzee wa Kipsigis, na mzee wa Kipsigis hainami kuingia kwenye banda la kuku. Kuku ni mambo ya wanawake. Ulikuwa ukisimama kwenye ua na kuniuliza wako aje, nami nakujibu. Osoro naye alikuja mara moja kwa wiki. Yaliyotokea ndani ya banda nilikuwa nayajua mimi peke yangu.

Wiki ya tatu, ile ya mvua ya mawe, niliingia asubuhi nikakuta vifaranga wanne wamejikunyata, manyoya yamesimama, na kinyesi kina damu. Walikuwa wa upande wa asali, Baba. Upande ule mwingine walikuwa bado wanachakura bila shida. Nilitoka nje nikakukuta kwenye ua, umevaa lile koti lako la Jumapili kwa sababu Osoro alikuwa aje kesho yake. Ukauliza wako aje. Nikasema wako sawa.

Nilikwenda kwa Kinuthia dukani nikanunua dawa ya unga ya kuhara damu, nikaitia katika maji ya upande wa asali siku tano. Walipona wote isipokuwa mmoja. Ugonjwa ukahamia upande wa pili. Dawa ilikuwa imebaki nusu ya paketi, na nilijua kabisa kwamba nikiwatilia na wale wengine watapona vilevile. Sikuwatilia. Niliwaacha. Kila asubuhi niliokota waliokufa nikawapanga kwenye gunia ili Osoro awaone. Alipokuja mwisho wa jaribio akahesabu ishirini na tisa hai upande wa asali na wanane upande ule, akaja mpaka kwenye ua akakushika mkono kwa mikono yake yote miwili. Uso wako siku ile sitausahau. Nilijiambia kwamba uongo wenyewe ni mdogo na haumuumizi mtu.

Lakini mchovya asali hachovyi mara moja. Watu walianza kuja kukuuliza habari ya gundi, nami niliwaeleza kwa mdomo huu huu. Rodah, yule mjane jirani yetu, akanunua vifaranga mia moja, ndio aliotegemea wampeleke bintiye Shirley kidato cha kwanza. Ulimpa gundi yako bila kumtoza chochote. Damu ilipoanza alikuja mbio, nawe ukamwambia kwa moyo mweupe aongeze gundi. Akaongeza. Walipokufa ulisema labda alichanganya asali na sukari, kwa kuwa wanawake wa siku hizi wana haraka. Rodah alilia akisema hajachanganya. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na birika mkononi. Nilimwongezea chai.

Nimekosa, Baba. Nimekukosea wewe, nimemkosea yule mjane, na nimekosa hata kwa vifaranga wale ambao hawakunifanyia lolote. Wala siwezi kukuambia kwamba gundi yako haifai. Inawezekana inafaa. Inawezekana hata wale walipona upesi kwa sababu yake. Hatujui, na hatujui kwa sababu yangu mimi. Tafadhali usisimame Bomet. Nitasimama mimi niseme nilivyofanya, na wakicheka wanicheke mimi. Osoro nitamwambia kesho.

Rodah nimekwisha kumwambia. Nilimfuata leo asubuhi katika shamba lake la chai. Alinisikiliza huku akiendelea kuchuma, hakuinua kichwa. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu: siku ile alipokuja mbio kwetu, ile nusu ya paketi ilikuwa bado ipo? Nikamwambia ilikuwepo, juu ya kabati la vyombo. Akatingisha kichwa, akahamia mstari mwingine.

Baba Mdogo Kiplangat na nyumba yake wote wasalimie sana. Barua hii ataileta mama anayeuza viazi soko la Mulot, na unaweza kumpa jibu arudi nalo. Kama hutaki kunijibu nitaelewa, lakini usikae na baridi kifuani kwa kunikasirikia, uje nyumbani unigombeze hapa. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi binti yako,
Chepkurui