Gasketi Si Matanga

Jumapili, jioni. Mvua ilianza saa nane ileile ya kila siku, ikaja na mawe, ikachanachana migomba, ikaondoka. Uwanja ni tope tupu. Nina grisi hadi kwenye nyusi na sijaoga. Nimekaa jikoni karibu na moto nikiandika kwa simu, kwa sababu nikioga kwanza hasira itapoa, na hasira ya leo nimeipenda.

Mambo yenyewe ni ya pikapu.

Ni pikapu kuukuu aliyotuachia marehemu baba. Tangu niiache ndoa yangu nikarudi nyumbani hapa Nyamira, mimi ndiye ninayeiendesha. Asubuhi napeleka majani ya chai kituoni, halafu ndizi, Kisii au Suneka, kulingana na soko. Na kila siku jua likizama Mama husema, "Kemunto, ufunguo." Namrudishia, anaufunga kwenye pindo la leso yake. Hasemi kwa ukali. Lakini kila mtu anajua maana yake. Gari ni la boma, na boma ni la Ombati, kaka yangu mkubwa, bwana anayekaa Kisii mjini na ambaye hajabeba hata jani moja la chai tangu aote ndevu. Mimi ni binti aliyerudi, yaani mgeni asiye na siku ya kuondoka. Pikapu ikienda, nitabaki mgeni tu.

Kwa miezi sasa injini imekuwa ikipiga mluzi. Ukisimama, inatetemeka. Jumatano, mbele ya watu wote kituoni, ikazima na magunia ya chai yakiwa bado juu. Nikawasha, ikazima tena. Nikamwita Mokaya, fundi wetu, mtu anayesikiliza injini akiwa amefumba macho kama anayeombea wagonjwa. Akasikiliza, akafumbua jicho moja, akatamka mbele ya umati, "Ni gasketi." Kisha simu yake ikalia, akaondoka zake.

Neno moja tu. Ametuachia neno moja kama mtu aliyetema ganda la muwa.

Sasa, huku kwetu gasketi ni moja tu duniani. Ni ile ya kichwa cha injini, inayoungua gari likichemka, na ikishaungua watu huanza kuulizana nani atachukua viti. Hakuna anayetaka kujua kwamba gari lina gasketi nyingi kama shati lilivyo na vifungo. Ukisema gasketi umetangaza kifo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu na nikakuta habari zimenitangulia. Watu wamekaa uwanjani. "Poleni kwa gasketi," wananiambia, mmoja baada ya mwingine, sauti chini. Mama mmoja wa kanisa letu alikuja na sukari. Sukari! Ya kutufariji! Wanaume wawili walikuwa wakiizunguka pikapu, iliyokuwa imeshasukumwa hadi kwetu, wakitikisa vichwa, na mmoja akapiga tairi teke, kama vile tairi ndilo lililokuwa limelazwa. Hawa ni watu ambao kwa maisha yao yote wamefungua mlango wa gari na mdomo, na mdomo ndio waliozoea zaidi.

Jioni hiyo Ombati akapiga simu. Mama akaweka sauti ya nje. "Mama, hii gari ya Tata imefika mwisho," akasema, Tata ndiye baba, kwa ile sauti yake nzito ya kuazima. "Tuiuze ikiwa bado na chuma. Nimepata mtu. Tunakuja na yeye Jumapili asubuhi."

Alikuwa ameshapata mtu! Gari lilizima saa nne, na kufikia jioni mnunuzi wa vyuma chakavu amepatikana na siku imepangwa. Kwa mambo ya kuuza, kaka yangu ana mbio sana.

Mama alikaza pindo la leso yake. Akasema, "Kama imekufa, iende." Akakata simu, akanitazama, akarudia polepole, "Kama imekufa."

Hiyo "kama" ndiyo niliyolala nayo.

Alhamisi nilimfuata Mokaya nikamrudisha kwa nguvu. Akafungua kabureta. Haikuwa na shida, lakini kabureta ndiyo anayoipenda, na mtu hufungua anachokipenda. Alipoirudisha nikachoka kumtazama. Nikatia maji ya sabuni ya vyombo kwenye chupa, injini ikiwa inahangaika, nikayadondosha taratibu pale manifoldi inapokutana na injini. Manifoldi ni lile bomba la alumini lenye matawi manne linalopeleka hewa na petroli ndani. Tawi la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, kimya. La nyuma kabisa povu likanyonywa ndani, fyuuu, na mlio wa injini ukabadilika papo hapo.

"Hapo," nikasema.

"Si ndiyo nilisema?" Mokaya akajibu na uso mkavu. "Gasketi."

Na kweli alisema. Ndiyo maana namdharau zaidi. Alikuwa sahihi, na akatuacha tulie.

Ijumaa tukaifungua. Yaani mimi nikafungua nati na yeye akazionyesha kwa kidole, akinieleza habari za magari aliyofufua kule Kenyenya. Manifoldi ikatoka. Nilitarajia kuona gasketi nyeusi, ngumu, iliyokauka. Kilichotoka kilikuwa kimelowa petroli, kimepasuka upande wa nyuma, na upande mmoja kilikuwa kinang'aa. Nikakipangusa kwa kitambaa.

Meno.

Meno ya mtu, meupe, safu nzima, na juu yake nusu ya masharubu.

Nilikaa chini kwenye nyasi. Kisha nikacheka mpaka Mokaya akarudi nyuma. Meno hayo kila mtu hapa anayajua. Ni ya yule mheshimiwa mtarajiwa wa uchaguzi uliopita, aliyechapisha kalenda za karatasi ngumu akiwa amekenua, na Ombati ndiye aliyekuwa ajenti wake, akizunguka na kofia na kipaza sauti. Mheshimiwa alishindwa. Kalenda zikabaki marundo kwa Ombati, hakuna aliyezitaka hata za kufungia nyama.

Na mwaka jana, mluzi ulipoanza mara ya kwanza, ni nani aliyechukua pikapu kutwa nzima? Ni nani aliyerudi akijipiga kifua kwamba ameipeleka gereji ya maana mjini, ikawekwa gasketi orijino kabisa? Mama alimchinjia kuku. Mimi nilimshikia maji ya kunawa mikono. Mwaka mzima gari la baba limekuwa likivuta pumzi kupitia meno ya mtu aliyeshindwa uchaguzi.

Nikaichukua ile takataka nikapanda matatu hadi Kisii. Duka la spea lilikuwa limefungwa kwa swala ya Ijumaa, nikasubiri kibarazani. Mwenye duka, mama mmoja mwenye buibui na haraka zake, alipofungua nikamwambia nataka gasketi. Akaniuliza, "Ya kichwa au ya manifoldi?"

Nilitaka kumkumbatia. Wiki nzima hakuna binadamu aliyeniuliza swali hilo.

Akaomba sampuli. Nikampa. Akaigeuza, akaisogeza mwangani. "Kwani huyu si yule aliyeshindwa?" akasema, akaingia ndani kutafuta.

Niliporudi nyumbani na gasketi mpya kifuani, jua lilikuwa linaegemea mlima na Mokaya alikuwa ameshanawa mikono. Sabato inaingia, na sisi ni Wasabato. Nilimwomba, nikamsihi, ni nati chache tu. Mama akatokea mlangoni. "Hakuna spana kwangu mpaka kesho jua lizame." Yakaisha. Nikaziba matundu ya injini kwa vitambaa safi, nikaifunika turubai, nikaingia ndani kuimba nyimbo za kukaribisha Sabato na meno ya mheshimiwa mfukoni.

Jumamosi kanisani, nani amekaa kiti cha mbele? Ombati, na suti ya kijivu. Yeye Mungu humkumbuka kukiwa na kitu cha kuuza. Mzee wa kanisa akasimama wakati wa matangazo akaomba tuikumbuke familia yetu kwa maombi "katika kipindi hiki cha gasketi." Watu wakaguna kwa huruma. Ombati akainamisha kichwa. Mimi nikasema amina, na sijui Mungu aliipokea vipi amina ile.

Jua lilipozama nikampigia Mokaya. Mteja hapatikani. Leo alfajiri nikapiga tena. Hapatikani! Fundi wa kufufua magari Kenyenya nzima amezima simu siku ninayomhitaji.

Basi. Potelea mbali.

Nikavua turubai mwenyewe. Nikakwangua mabaki ya kalenda kwa kisu, polepole, matundu yakiwa yamezibwa ili uchafu usidondoke ndani. Nikapangusa mpaka chuma kikang'aa. Nikavuta vitambaa, nikavalisha gasketi mpya, nikarudisha manifoldi, nikakaza nati kuanzia katikati kwenda nje, kidogo hapa, kidogo pale, narudia, jinsi Mokaya anavyohubiri bila kufanya. Nilijua nikivunja skrubu moja, nimemfanyia Ombati kazi yake.

Nikawasha. Ikakohoa, ikatapika moshi, ikatulia. Hakuna mluzi. Hakuna kutetemeka. Ilikuwa inanguruma taratibu, jinsi ilivyonguruma baba alipokuwa akirudi sokoni na sisi tukikimbilia lango.

Nililia. Kidogo tu. Kisha nikaizima, nikafunga boneti, nikapika chai.

Wakafika saa saba, si asubuhi waliyoahidi, kwa gari la mnunuzi, mtu wa mjini mwenye tumbo na kamba. Kamba alishuka nayo hata kabla ya salamu, anapima kwa macho pa kuifunga. Mama akawakaribisha ndani kwa Kiswahili chake cha kanisani. Mimi nikaleta chai, na kwenye sinia, kando ya ndizi za kuchemsha, nikaweka ile gasketi ya zamani, meno juu.

Ombati aliiona. Akajitia hamnazo, akachukua ndizi.

"Kaka," nikasema kwa upole ambao sikujua ninao, "hiyo gereji yako ya maana ilikucheza. Tazama walichotuwekea. Na jinsi ilivyokatwa vibaya! Fundi gani huyu, alikatia meno ya panya? Walikuona mjinga wakakupiga mchana kweupe."

Hapo nilikuwa najua ninachofanya. Kaka yangu anaweza kuvumilia kuitwa mwizi, lakini kuitwa mjinga mbele ya mgeni hawezi.

"Nani anaweza kunicheza mimi?" akaruka. "Hakuna gereji ilinicheza! Hiyo nilikata mwenyewe, na nikapima na rula! Hiyo kadi ni ngumu kuliko hata ya duka!"



Mnunuzi akaweka kikombe chini. Mama akaiokota ile kadi kwa vidole viwili, akaitazama, akaigeuza, akairudisha.

"Kwa hivyo gari ya Tata haikuwa mgonjwa," akasema. "Ulikuwa umeiwekea kalenda." Halafu, akiwa bado anamtazama, "Na ile kuku ulikula."

Ombati alinywea mpaka suti ikamzidi. Akaanza kueleza, kwamba ilikuwa ya muda tu, kwamba alitaka kutupunguzia gharama, kwamba injini kwa ndani imeshaoza. Nikatoka nje nikawasha. Mara moja tu. Mama akaja akasimama karibu na boneti, akasikiliza bila kufumba macho. Mnunuzi naye akasikiliza, akakunja kamba yake, akamwambia Ombati maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, akaingia kwenye gari lake akaenda. Akamwacha uwanjani.

"Kemunto," Mama akasema, "tumpeleke kaka yako steji akapande matatu."

Mbele kuna nafasi ya watatu. Mama akapanda, akavuta mkungu wa ndizi uliokuwa mlangoni, akauketisha katikati. Ombati akatazama mkungu, akamtazama Mama. Mama alikuwa anatazama mbele. Basi mzaliwa wa kwanza akapanda nyuma na suti yake ya kijivu, akashikilia chuma. Mvua ya mawe ilianza kabla hatujafika lami. Kwenye matuta sikupunguza mwendo, na nakiri hapa bila aibu kwamba nilifurahia kila tuta. Mama alishikilia ndizi zisianguke.

Sasa giza limeingia. Mama amepita hapa jikoni, amechochea moto, ameniambia nioge nisije nikaharibu shuka zake, na ameingia chumbani kwake.

Ufunguo uko mezani, kando ya sufuria. Ameuona. Hakuuomba.

Kesho alfajiri kuna chai ya kubeba. Lakini usiku huu, huu ufunguo nitauweka wapi? Sijawahi kuhitaji mahali pa kuuweka.