Babu Anachechemea

Jumatatu, 8 Agosti

Nimemwota Babu tena. Anatembea ukingoni mwa mto Sepik, maji yamemfika vifundoni, na anachechemea. Paja la kulia limelegea, kama halina kitu ndani. Namwita, hageuki. Nimeamka na moyo mzito.

Nikatazama juu ya jiko. Majambia ya kaka yangu Klemens yananing'inia kwenye moshi, yale ya mfupa wa ndege kasowari, anayowachongea wageni wanaokusanya vitu vya kale. Anayapaka mafuta ya nguruwe, anayafukiza mpaka yanazeeka. Lakini la Baba halipo! Lile lililochongwa kwa mfupa wa paja la marehemu Babu.

Klemens anasema liko nyumba ya wanaume. Hakunitazama usoni.

Jumatano, 10 Agosti

Baba kazidiwa. Macho yalishakwenda, sasa na pumzi. Anamtaka baba yake mkononi — bila hivyo, anasema, huko aendako nani atampokea?

Klemens kampa jambia. Baba kalipapasa, kalinusa, kacheka mpaka akakohoa.

"Huyu kasowari! Huyu nilimla mwenyewe, nyama ngumu hiyo, meno yaliniuma siku mbili. Baba yangu yuko wapi?"

Klemens katoka mbio. Nimemkuta kwenye mitumbwi. Loo! Kamtia Babu kwenye fungu alilomuuzia Bwana Rolf, mgeni mkusanyaji, akidhani kipofu hatatambua. Analia kama mtoto. Nilitaka kumzaba kofi. Nikamshika mkono tu.

Alhamisi, 11 Agosti

Baba kaniita mimi. "Nenda wewe, Otilia. Kaka yako atajikanyaga kwa maneno. Na usimwambie mgeni kuwa ni mfupa wa mtu. Akijua, hataachia."

Mimi! Mwanamke haligusi jambia lile. Maisha yangu yote nimeliona kwa mbali, limo kiganjani mwa Baba.

"Leo nakupa ruhusa. Lilete puani, mwanangu. Utamjua."

Ijumaa, 12 Agosti

Nimepiga kasia tangu alfajiri, nusu nipo, nusu naota. Ukungu mzito. Mara mbili nilisikia mtu akitembea majini kando yangu. Hatua moja nzito, moja nyepesi.

Bwana Rolf kayapanga majambia yake mkekani, barazani kwa nyumba ya wageni. Mwenyewe anajisifu, yote ni mifupa ya ndege. Afadhali! Nikamwambia kuwa Klemens alikosea, Baba anataka tubadilishane. Nikampa lile la kasowari.

"Chagua tu, mama," kasema, kaingia ndani kuchemsha chai.

Basi nimechuchumaa hapa. Manne yamechongwa uso uleule wa lile la Babu! Klemens na mkono wake hodari. Babu ananitazama mara nne.

La kwanza, mafuta ya nguruwe. La pili, nguruwe. La tatu — popoo, tumbaku, jasho la Baba. Au natamani tu? Klemens naye anatafuna popoo kutwa nzima. Nimeliweka chini, naandika kwanza. Nikikosea, Baba atakufa na ndege mkononi.

La nne sijalinusa. Naogopa.

Vikombe vinagongana ndani. Bwana Rolf anauliza kama nimeshapata. Mguu wangu wa kulia umekufa ganzi, tangu pajani, kama wa Babu ndotoni. Na mkono wa kushoto, wenyewe tu, umeshalishika la nne —